Senene wa Altezza Nyeupe

Lukmani aliwaona senene kabla hajaliona gari vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa Altezza nyeupe, fupi kama mtu anayenyata, imesimama Rwamishenye, Bukoba, kando ya barabara huku boneti ikiwa wazi. Kijana mwenye miwani alikuwa ameinama juu ya injini, akiitazama kama mwanafunzi anayetazama swali la somo ambalo hakulisoma. Mtu mwingine angempa pole na kupita. Lukmani hakupita. Katika miaka yake thelathini na mitatu hakuwahi kuipita boneti iliyo wazi, kama vile muumini asivyolipita jeneza bila kusema neno.

Akasogea, akasalimia, akachungulia.

Chujio la hewa lilikuwa la wazi, lile la umbo la pia wanalolipenda vijana wa magari ya mbio, na kila mkunjo wake ulikuwa umejaa senene. Wanene, wa rangi ya kahawia, wamebanana, waking'aa mafuta. Joto la injini limewakausha, Lukmani aliwaza, na mafuta ya injini yamewapaka. Hakuwaza zaidi ya hapo, na baadaye alikuja kulijutia wazo hilo kuliko mawazo yote ya maisha yake.

Inafaa kueleza kwamba Novemba, huku kwetu, senene, wale panzi watamu, hushuka usiku kama mvua, na gari lolote linalopita penye taa huvuna bila kupanda. Chujio likijaa senene, injini haipati pumzi. Gari lenye pua iliyoziba halipandi mlima hata lingekuwa na nguvu za farasi mia mbili. Dawa yake ni dakika tano na mswaki uliokwisha kazi.

Lukmani alilijua hilo. Alijua pia kwamba yule mwenye miwani hakulijua. Kati ya ujuzi wa mtu mmoja na ujinga wa mwingine kuna nafasi ndogo, na humo ndimo Lukmani alimojenga maisha yake.

"Inakosa nguvu," alisema. Hakuuliza.

Kijana akainua uso. "Umejuaje?"

"Nimelisikia likija. Linahema. Unatoka Dar?"

"Dar, ndiyo. Naitwa Gamaliel. Kwetu ni Kamachumu, nimekuja mapema kuisubiri Krismasi. Lakini jana, actually, mlima wa Kamachumu umenishinda. Nimeshuka kinyumenyume mbele ya watoto wa shule." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Walinipigia makofi."

Lukmani alitikisa kichwa kwa huzuni. Moyoni alikuwa anaimba. Miwani, Dar, na hiyo *actually* iliyotupwa katikati ya maneno kama kokoto kwenye wali: huyu alikuwa msomi, na katika biashara ya Lukmani hakukuwa na mteja bora kuliko msomi. Mtu asiyesoma ukimwambia jambo asilolijua atakuuliza. Msomi hawezi kuuliza. Atasema "ndiyo, hata mimi nilifikiria hivyo," kisha atakupa funguo.

Macho yake yakateleza kutoka kwenye senene hadi kwenye kava la injini, akayasoma maandishi yake. Yakateleza tena, kupitia dirishani, hadi kwenye kirungu cha gia. Kilikuwa kimechorwa namba: moja hadi sita.

Hapo moyo wa Lukmani uliacha kuimba, ukapiga magoti.

*

Nyuma ya nyumba ya mama yake, hatua mia tatu kutoka hapo, kulikuwa na Altezza nyingine. Nyekundu. Baba yake, Mzee Hussein, aliinunua kwa jasho la miaka mingi ya kuuza samaki, akaiendesha miezi saba, akafariki. Ilikuwa na injini ile ile yenye kelele ya nyuki na giaboksi ya gia sita. Lukmani aliviuza vyote viwili ili aanzishe mradi ambao hatutautaja, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, na mradi ule ulikufa wiki ya tatu.

Mama yake, Bi Asha, hakumgombeza. Alilifunika gari khanga, akaliweka juu ya mawe manne, na kuku wake wakahamia mahali injini ilipokuwa. Kwa miaka minne kila yai alilokula Lukmani lilitoka ndani ya aibu yake.

Wiki hiyo ndipo Bi Asha alipochoka. "Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu," alisema huku akichambua mchele. "Gari likiwa linatembea, nipeleke Muleba kwa dada yangu. Likiwa limesimama, lipimwe kwenye mizani liondoke. Mimi sigombani tena na kitu kilichosimama."

Siku hiyo ya boneti ilikuwa Jumatatu.

Na Lukmani hakukosa injini. Alikuwa nayo chini ya turubai kwa fundi Dastan: silinda sita, ya Mark II ya mstaafu mmoja, pamoja na giaboksi yake ya gia tano na difu yake ya ekseli ya nyuma, vyote vizima kabisa. Dastan alikuwa ameshamwambia mara kadhaa, "Weka hiyo, gari litembee." Naye kila mara alijibu kwamba baba yake hakununua gari la kuendea posta. Gari lililozaliwa na gia sita haliwekwi tano. Watu wawili walikuja kuitaka ile injini kwa bei nzuri, akawafukuza. Aliitunza, alisema, kwa ajili ya bahati.

Sasa bahati ilikuwa mbele yake, imevaa miwani.

*

"Gari lako halina ugonjwa," Lukmani alianza, akiifunga boneti taratibu ili senene wasije wakaonwa na mtu mwenye akili. "Limesomea pwani tu."

"Una maana gani?"

"Injini hii nguvu zake zinakaa juu. Mpaka mshale wa mizunguko ufike elfu saba ndipo inaamka. Barabara ya Dar unaweza kufika elfu saba. Hapa utafikaje? Ukifika elfu tatu kuna tuta. Ukivuka tuta kuna mbuzi. Ukimpisha mbuzi kuna harusi inatoka kanisani. Gari la kuendesha barabarani halitaki nguvu za kilele, kaka. Linataka nguvu za chini. Ukigusa, livute."

"Hata mimi nilifikiria hivyo," alisema Gamaliel.

Lukmani nusura ambusu.

"Halafu gia. Umewaona wanaopandisha ndizi kwa baiskeli toka Muhutwe? Yupi anapanda mlima akiwa amekaa kitini? Wote wanasukuma. Baiskeli ina gia moja, ya tambarare. Difu yako ni hivyo hivyo, ndefu. Difu fupi ni kama bibi kizee mlimani: hatua ndogo ndogo, lakini anafika na hajatoka jasho."

"Na hii gia ya sita?"

"Utaiwekea wapi? Hapa Bukoba ukiingiza ya sita, utajikuta umevuka mpaka wa Mutukula hujagonga pasipoti."

Gamaliel alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyeanza kuamini. Wakateremka wote wawili hadi mjini na kurudi, ili mshauri alisikilize gari. Lilipanda likikohoa. Kilima kidogo tu kililifanya lilie. Lukmani alifumba macho kama daktari, na hakuomba kuijaribu gia ya sita, kwa sababu mtu aliyekwisha kusema kitu hakina kazi hawezi tena kukiomba.

"Ninayo silinda sita," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetaja binti yake.

Macho ya Gamaliel yaliwaka nyuma ya vioo. "Sita? Si ni zaidi ya nne?"

"Hesabu umesoma wewe."

"Na utataka nikuongezee nini?"

"Sitaki kitu. Tunabadilishana. Injini kwa injini, giaboksi kwa giaboksi, na difu fupi nakuwekea kama zawadi ya Krismasi."

"Mbona kama utapata hasara?"

Lukmani alitazama mbali, kuelekea ziwani. "Mimi ni mpenzi wa magari," alisema. Ilikuwa sentensi pekee ya kweli aliyodhani ameisema siku nzima.

*

Jumanne asubuhi waliandikiana. Lukmani ndiye aliyetaka maandishi, maana alishawahi kufuatwa nyumbani na wateja wenye hasira na hakupenda vile kuku walivyoshtuka. Gamaliel, kwa mwandiko mzuri wa shule ya wamisionari, aliandika: *Sisi wawili tumebadilishana injini na giaboksi. Kila mmoja amekikagua anachokipokea na ameridhika.*

"Ongeza hapo," Lukmani alisema, "hakuna kurudishiana."

"Hakuna kurudishiana," aliandika Gamaliel kwa utii. Kisha akatoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba chenye kahawa kavu ya kutafuna. "Akamwani, waitu," alisema kwa Kihaya, yaani kahawa, ndugu yangu. "Kwetu mtu hasaini mdomo mtupu."

Wakatafuna, wakasaini. Dastan akasaini kama shahidi, akaacha alama ya grisi mahali pa muhuri.

Sasa, Dastan. Huyu alikuwa fundi mkubwa mwenye mikono kama koleo na maneno machache, na uchache huo haukuwa wa kuzaliwa. Miaka kadhaa nyuma, mbele ya mteja, aliwahi kusema "lakini hii plagi si mpya," na Lukmani akakosa ulaji wa mwezi mzima. Tangu siku hiyo walikuwa na sheria: kazi ya Dastan ni spana, kazi ya Lukmani ni mdomo, na mteja akiwepo spana haisemi.

Gamaliel alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda siku mbili nzima, akisoma kitabu kinene na kunywa chai, hakuondoka hata kujisaidia bila kumwomba Lukmani amsindikize kumwonyesha njia. Dastan alipoliinua kava la ile injini ya Altezza nyeupe, alisimama. Akamtazama Lukmani. Akakohoa.

"Kuna nini?" aliuliza Gamaliel kutoka kwenye kigoda.

Lukmani alimkazia Dastan jicho.

"Vumbi," alisema Dastan, na akaendelea kufungua nati.

Aliposhusha giaboksi alikohoa tena, mara mbili, kikohozi cha mtu anayetaka kanisa zima ligeuke. Lukmani alimletea maji.

Jumatano jioni Altezza nyeupe iliwashwa ikiwa na moyo mpya. Ilinguruma chini chini, kama paka aliyeshiba. Gamaliel alizunguka nayo mara moja, akarudi machozi yakimlengalenga, akamshika Lukmani mkono kwa mikono miwili.

"Umenishauri vizuri sana, kaka. Sitakusahau."

"Nenda salama," alisema Lukmani, na kwa ukarimu wa mshindi akamwekea kwenye kiti cha nyuma mkungu wa ndizi wa mama yake.

Vumbi lilipotulia, alimgeukia Dastan akiwa amepanua mikono. "Haya, sema sasa. Sema ulivyo na rafiki mwenye akili."

Dastan alifuta mikono kwa kitambaa. Akafuta kidole kimoja kimoja. "Mteja ameshaondoka?"

"Si umemwona?"

"Basi naweza kusema. Ile injini ni ya Noah."

Lukmani alicheka. Dastan alikuwa yule yule wa kawaida asiyejua mzaha, kwa hiyo Lukmani alipomtazama na kuona hacheki, kicheko chake kiliishia mahali pasipo na ngazi.

"Kava ni la Altezza," aliendelea Dastan. "Limefungwa kwa waya. Chini ni Noah, tena iliyobeba abiria wengi wa njiani. Giaboksi pia ni ya Noah."

"Kirungu kina sita."

"Kirungu ni kirungu tu, kinauzwa dukani. Nimehesabu gia. Ni tano."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikohoa, Lukmani. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma."

*

Lukmani aliketi kwenye kigoda cha Gamaliel, ambacho bado kilikuwa na joto lake. Miguuni pake kulikuwa na lile chujio, limetupwa pamoja na takataka nyingine. Aliliokota. Alikuwa mtoto wa Bukoba, na mtoto wa Bukoba aliye na mawazo na senene mkononi hufanya jambo moja tu, hata kama hana hamu: alichomoa mmoja akamtia mdomoni.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Alikuwa na chumvi.

Akachomoa wa pili, akamgeuza mwangani. Hakuwa na mbawa. Hakuwa na miguu. Alikuwa amechambuliwa na mikono yenye subira, akakaangwa, tena kwa vitunguu. Lukmani aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, wamepangwa mikunjoni kama wanafunzi mstarini, na akajiuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea wa Rwamishenye angejiuliza Jumatatu ile ile: senene asiye na mbawa amerukaje mpaka ndani ya injini?

Saa nzima baadaye alipiga simu. Ilipokelewa mara ya kwanza, kwa adabu.

"Kaka Lukmani. Nimeshafika Kamachumu. Nimepandisha mlima na gia ya tatu, watoto wa shule hawakuwahi hata kugeuka."

"Wewe si wa Dar."

"Dar niliwahi kwenda mara moja. Mimi nanunua ndizi Ngenge. Injini yangu ya mwanzo ilikufa mwaka jana, nikaweka ya Noah nilipoishiwa. Ikawa inanidhalilisha."

"Basi si ungekuja kununua ile yangu kama mtu mzima?"

"Nilikuja. Hukumbuki? Nilikuja bila miwani. Ukanifukuza. Nikauliza watu, wakaniambia, Lukmani hauzi kitu, Lukmani anaibia watu tu. Nikakaa nikafikiri. Nikaona njia pekee ya kuipata ni kuja niibiwe."

Mtu kumwendea Lukmani kwa makusudi ili aibiwe! Tukio hilo lilikuwa halijawahi kurekodiwa Bukoba kabla ya siku ile.

"Lakini nikwambie kitu," sauti iliendelea, na haikuwa na kejeli. "Kila ulichoniambia ni kweli. Nguvu za chini, difu fupi, gia ya sita haina kazi huku. Nimeamini nilipopanda mlima. Sijui kwa nini hukujishauri mwenyewe. Na ndizi za mama, ahsante, waitu. Ni tamu."

*

Alhamisi na Ijumaa Dastan alifanya kazi bila kusema, ingawa hakukuwa na mteja. Lukmani alimshikia taa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kuku walihamishwa, wakalalamika. Injini ya Noah iliingia ndani ya gari la Mzee Hussein kama mgeni masikini anayeingia sebuleni akiwa ameshika viatu mkononi.

Jumamosi saa tatu mtu wa vyuma alifika na mizani yake. Aliikuta Altezza nyekundu imeoshwa, haiko juu ya mawe. Lukmani aliuzungusha ufunguo. Ilikohoa, ikatema unyoya mmoja mweupe, ikawaka.

Bi Asha alisikiliza kwa muda. Alisimama na khanga ya gari mikononi, ameikunja mara nne.

"Sauti ya baba yako ilikuwa nyingine," alisema.

"Najua, Mama."

"Kuku wangu watataga wapi?"

"Nitawajengea banda."

Alimtazama mwanawe usoni, akaona kitu ambacho hakukiona kwa miaka minne, labda haya, labda usingizi. Akafungua mlango akaingia, akamwambia mtu wa vyuma samahani kwa usumbufu, achukue mayai mawili pale dirishani.

Walikwenda. Kufika Kanazi walikuwa wamepitwa na bodaboda tatu na lori la mkaa. Karibu na Muhutwe mwanamke mmoja aliyekaa kando ya barabara na mkungu wake, aliyekuwa ameangalia upande mwingine, aliusikia mlio wa injini, akanyanyua mkono bila kugeuka.

"Simama," alisema Bi Asha.

"Mama, hili ni gari la mbio."

"Huyo mama amelisikia ni Noah. Usimfanye mwongo barabarani."

Mwanamke aligeuka, akaliona lilivyo jekundu na fupi, akasita, kisha akaingia kwa kuinama na kuupakata mkungu. "Muleba, waitu," alisema, na kuanzia hapo alikuwa mtulivu kama mwenye gari.

Mlima ulipoanza, Lukmani alirudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Hatua ndogo ndogo. Gari lilipanda likilalamika, na alipokuwa ameukaza usukani kwa mikono yote miwili, akaiona ikishuka kutoka juu: nyeupe, ikinguruma chini chini kama paka. Ilipowakaribia iliwasha taa mara mbili kwa heshima. Mwenye miwani, bila miwani, alinyanyua kiganja na kukiweka kifuani.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Asha.

"Mteja."

Bi Asha aligeuka akaisindikiza Altezza nyeupe kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona.

"Anaonekana ameridhika," alisema, akarudi kukaa vizuri. "Alhamdulillahi, mwanangu. Nilikuwa naomba nikuone umempata hata mmoja."